Injini Aliyoifunga Gachoki

Asubuhi, huko Kanja, pikapu ya Mzee Nyamu huteremka bila sauti. Ukungu huwa bado umelala juu ya michai. Mtu aliye jikoni husikia changarawe ikisagika chini ya magurudumu, kisha hasikii kitu. Gari jeupe hupita nyuma ya migomba polepole, kama kitu kinachokumbukwa wala si kitu kinachoonekana. Karibu na lango la chini mzee huachia klachi. Gari hushtuka mara moja, kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini. Injini hukohoa, huamka, na siku huanza.

Stata ya gari hilo, mota inayoamsha injini, iliungua miaka miwili iliyopita, na mzee hakununua nyingine. Hakuona sababu. Katika kigongo kile chote watu huegesha magari yakitazama bondeni. Asubuhi hutia gia ya pili, huachilia breki, na kuuachia mlima kazi. Anayewasha gari kwa ufunguo huulizwa kama amehamia kutoka tambarare.

"Mlima hauungui waya," mzee alipenda kusema, "wala haumhitaji fundi."

Jumamosi hiyo Karwirwa alisimama mlangoni mwa jikoni, kikombe cha chai mkononi, akasikiliza. Alikuwa amefika jana yake kutoka Meru mjini, kama alivyofanya kila mwisho wa mwezi tangu mumewe, Gachoki, afariki. Gachoki alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa Mzee Nyamu. Mume na mke wote wawili walikuwa mafundi wa magari. Walijuana chuoni, wakigombea boksi moja la spana. Sasa Karwirwa alikuwa amebaki na kazi hiyo peke yake, katika gereji moja ya Meru ambako wateja walimwita Madam Spana, na baadhi yao walimwita hivyo kwa heshima.

Changarawe. Kimya. Mshtuko. Kisha, badala ya kikohozi kimoja, vilikuja viwili, na kati yake palikuwa na pengo dogo ambalo halikuwahi kuwapo. Injini iliwaka, lakini ilizungumza kama mtu mwenye ulimi mzito. Moshi mweupe ulipanda ukaingia ndani ya ukungu, hata haikujulikana kipi kimetoka wapi.

Karwirwa aliweka kikombe chini.

"Limeruka jino," alisema.

"Nini hiyo?" aliuliza mama mkwe wake, Ednah, akipuliza moto.

"Gari, mama."

"Gari si limeenda? Hata mimi na masikio yangu haya nimelisikia likienda."

"Limeenda. Lakini halitaenda hivyo mara nyingi."

Jambo alilolijua Karwirwa lilikuwa hili. Ndani ya injini mna shafti mbili ambazo lazima zizunguke kwa mapatano. Ya chini husukumwa na pistoni. Ya juu hufungua na kufunga valvu. Katika injini kama ile ya pikapu, zikikosana sana, pistoni hupanda wakati valvu iko njiani, chuma hukutana na chuma, na injini hufa. Kinachozipatanisha huwa ni cheni ya chuma, au mkanda wa mpira wenye meno, ambao mafundi huuita mkanda wa taimingi. Cheni huoga katika oili na huweza kuishi umri wa gari. Ikichoka hulalamika. Huchakacha asubuhi, hugonga, humsumbua mwenye gari mpaka asikie. Mkanda haulalamiki. Huzunguka kimya siku zote, na siku yake ya mwisho hufanana na siku nyingine zote.

Mzee Nyamu aliamini ana cheni. Hakuwa na cheni.

Zamani, mkanda ulikatika katika gari lake la kwanza, kwenye mteremko wa mto Thuci, na gari hilo halikunguruma tena. Tangu siku hiyo neno mkanda lilikuwa tusi katika boma lake. Injini ya pikapu ilipokwisha, miaka minne iliyopita, alimwambia mwanawe maneno machache: "Niletee ya cheni, au uache nitembee." Gachoki alitafuta kwa miezi miwili. Injini za cheni alizozipata hazikukaa katika pikapu ile. Wakati huo mzee, mwenye miaka sabini, alikuwa akipanda mlima na mtungi wa maziwa mgongoni. Siku moja Gachoki akaleta injini ya mkanda. Akaifunga mwenyewe kwa siku mbili, akampa babake ufunguo.

"Cheni?" mzee aliuliza.

"Cheni, baba."

Jioni ile alimweleza mkewe ukweli. "Nimetia mkanda mpya. Una miaka minne. Kabla haijaisha nitaubadilisha, siku mzee akiwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Hatajua kamwe." Alisema hivyo akicheka, kwa sababu alikuwa na hakika ya miaka minne jinsi watu wengine walivyo na hakika ya kesho. Alifariki katika mwaka wa pili, kwa ugonjwa wa kifua ambao hakuwahi kuulalamikia.

Baada ya mazishi mzee alitoa amri moja. Oili ibadilishwe, chujio libadilishwe, lakini mbele ya injini pasifunguliwe na mtu yeyote. Boliti za pale zilikazwa na mwanawe. Mkono wa mwisho kuzigusa ulikuwa mkono wa Gachoki, na mzee alitaka ubaki kuwa wa mwisho.

Miaka minne ilipokaribia kuisha Karwirwa alinunua mkanda mpya. Aliutia mkobani pamoja na nguo zake, akaja nao Kanja, akarudi nao Meru. Mwezi uliofuata akafanya vivyo hivyo. Mwezi wa tatu pia. Ili kuifungua injini ilimpasa kwanza kusema kwamba marehemu alimdanganya babake, na hayo si maneno ambayo mkaza mwana huyatafuta. Ili kutosema ilimpasa kungoja asubuhi ambayo mlima ungeshtua gari, mkanda ukatike, na kazi ya mwisho ya Gachoki igeuke chuma chakavu pale langoni.

Saa tatu pikapu ilirudi. Ilipanda polepole mno, kama inayovutwa na kamba kutoka katika ndoto ya mtu mwingine. Mzee aliigeuza itazame bondeni, akatia jiwe chini ya gurudumu, akashuka akipangusa kofia.

Yeye na Karwirwa walizungumza Kiswahili siku zote. Yeye alikuwa Mwembu, Karwirwa alikuwa Mmeru wa Mitunguu, na ingawa kila mmoja aliielewa lugha ya mwenzake, Kiswahili kiliwawekea nafasi ya heshima katikati, kama meza.

"Leo limekataa mlima kidogo," mzee alisema. "Ni hii dizeli. Wameitia maji."

"Si dizeli, baba."

"Basi ni uzee. Mimi pia asubuhi nakohoa mara mbili." Akacheka. "Jumatatu litakuwa limepona. Tunaenda kwenu Mitunguu kuchukua miche ya migomba. Nimeshamwambia ndugu yako Mutembei atuchagulie iliyo minene."

"Baba, likiwashwa tena kwa mlima, huenda halitapita lango."

"Hee! Daktari amempima mgonjwa saa ngapi?"

"Nimelisikia likiwaka."

"Amelisikia! Ednah, umeona? Huyu hupima gari akinywa chai."

"Na mchungaji wako hupima roho yako akiwa mimbarini," Ednah alijibu kutoka jikoni, "na hujawahi kumwambia ashuke akuguse mapigo."

Mzee alitabasamu. Karwirwa aliona kwamba tabasamu lile ndilo mlango, na kwamba likifungwa angerudi Meru na mkobani mwake mna mkanda uleule.

"Nataka kufungua mbele," alisema. "Nataka kuondoa kifuniko."

Tabasamu likaisha.

"Hapana."

"Baba…"

"Mwambie mtu mwingine akufundishe maana ya hapana. Mimi nimeisema. Tena cheni haiguswi. Gachoki mwenyewe aliniambia. Cheni huzikwa pamoja na gari lake."

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye boneti. Migomba iliyokuwa hatua ishirini mbali ilionekana kama watu waliosimama kusikiliza. Karwirwa alisikia sauti yake ikitoka kwa utulivu ambao hakuutarajia.

"Mle ndani hakuna cheni, baba. Kuna mkanda. Wewe ulikataa mkanda, naye hakupata cheni, na kila siku alikuona ukipanda na maziwa mgongoni. Akafunga alichopata. Alitaka kuubadilisha kabla ya wakati wake, nawe usijue. Hakuwahi."

Mzee aliikunja kofia mkononi.

"Unamwita mwanangu mwongo," alisema, "naye hayupo kujibu."

"Ndiyo maana nimenyamaza."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu jioni ile alipokupa ufunguo."

Mzee alivaa kofia. Akaipita pikapu bila kuitazama, akaingia kati ya michai, na hatua ya tano au ya sita ukungu ukamfunga. Kwa dakika moja ilisikika suruali yake ikipangusa majani yenye umande. Kisha hata hilo halikusikika.

Ednah alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Alikuwa amesikia yote. Uso wake haukusema kama alikuwa amejua au la.

"Mwache," alisema. "Yule akikasirika huenda kuhesabu michai. Akifika mia nne hurudi. Siku ya mazishi alihesabu shamba lote."

Karwirwa aliingia ndani ya pikapu akakaa kwenye kiti cha abiria kumngoja. Vioo vilikuwa vyeupe kwa ukungu. Hapakuwa na Kanja tena, wala bonde, wala lango. Hakujua kama alisinzia. Aliona barabara yote kutoka Meru hadi Embu, jinsi aionavyo kila mwezi kupitia dirisha la matatu: kigongo, bonde, kigongo, bonde, mto Mutonga, Nithi, Tungu, Thuci. Safari hii aliiona kutoka juu. Vigongo viliingia katika mabonde kama meno ya mkanda yaingiavyo katika magurudumu ya puli, na barabara ilipita juu yake, nyeusi na laini, ikienda bila sauti. Mlima Kenya ulikuwa ukiizungusha. Kila kitu kilifika mahali pake kwa wakati wake: ndizi za Mitunguu, chai ya Kanja, mvua, watu waliokwenda arusini na watu waliokwenda mazishini. Mahali fulani mikono miwili iliyojaa grisi ilikuwa ikikaza boliti. Hakuuona uso. Aliijua mikono kwa jinsi kidole gumba kilivyosimama pembeni, mbali na vingine, kama mtu anayengoja kuitwa.

Kioo kiligongwa. Mzee Nyamu alikuwa amesimama nje, suruali imelowa hadi magotini.

"Utafungua kifuniko cha juu peke yake," alisema. "Nikiona cheni, utakusanya spana zako na hutaligusa gari langu tena mpaka nife."

"Na ukiona mkanda?"

"Nitakuwa nimeona."

Karwirwa alifungua boneti, akaleta boksi lake la spana, akaanza na boliti ndogo za kifuniko cha juu. Zilikuwa tano. Ya kwanza ilikataa. Kila fundi ana kiasi chake cha kukaza, kama kila mtu alivyo na mwandiko wake, na Gachoki alikaza kupita kiasi kidogo tu, siku zote. Chuoni mwalimu alimwonya kwamba atakata vichwa vya boliti za watu. Karwirwa aliegemea spana na kuhisi nguvu ile ikimrudishia nguvu, ikimpinga kwenye kiganja. Halafu ikaachia, kwa mlio mdogo. Alishika boliti ile mkononi kwa muda kabla ya kuiweka kwenye sahani. Aliifungua ya pili. Kwa kila moja alijua kwamba anaondoa kitu ambacho hakitarudi jinsi kilivyokuwa, na mzee, aliyesimama karibu, alijua hivyo pia.

Kifuniko kilitoka. Vumbi jeusi la mpira lilimwagika juu ya vidole vyake.

Hapakuwa na cheni. Palikuwa na mkanda mweusi, umenyauka kando kando, nyuzi zikichungulia kama ndevu. Alimulika kwa tochi. Meno mawili hayakuwapo. Mengine matatu yalikuwa yamepasuka kwenye shina. Alama ya puli ya juu, inayopaswa kutazamana na alama ya mwili wa injini, ilikuwa imepitwa kwa jino moja.

Mzee aliinama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo miaka minne nimeendesha uongo," alisema.

"Umeendesha mkanda, baba. Na ulikuwa mkanda mzuri."

Mzee alinyoosha kidole, akasita, kisha akaugusa. "Ni laini," alisema kwa mshangao. "Kama sikio la mbuzi. Na haya meno yameenda wapi?"

Karwirwa alitafuta njia ya kusema kwa adabu. "Ukiwasha kwa mlima, injini haijiamshi yenyewe. Magurudumu huivuta kwa ghafla, na mvuto wote hupita hapa. Cheni ingevumilia zaidi. Huu ni mpira. Kila asubuhi umepoteza kidogo."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni mlima, baba."

"Mlima haukuachia klachi," mzee alisema. Alinyooka, akapangusa kidole kwenye suruali iliyolowa. "Sasa mtu atafanya nini? Fungua yote."

Hapo lilitokea tatizo ambalo hakuna chuo kinachofundisha utatuzi wake. Ili kufikia puli ya chini ilimpasa Karwirwa kulala chali chini ya gari, na mkaza mwana halali chali mbele ya baba mkwe, hata kama amevaa ovaroli, hata kama injini inakufa. Alisimama akitazama turubai alilolitandika. Mzee alilitazama pia. Kisha akaligeuzia gari mgongo, akatazama bonde lisiloonekana, na kupeleka mkono mmoja nyuma.

"Sema unachotaka," alisema. "Nitakupa."

Wakafanya kazi hivyo kwa saa nzima. Karwirwa alisema namba kutoka chini ya gari, na mzee, akiwa ameligeuzia kisogo, alipapasa boksi na kupeleka spana nyuma kama kipofu anayelipa nauli.

"Kumi na nne."

"Hii?"

"Hiyo ni kumi na mbili, baba."

"Zina tofauti gani? Zote ni baridi."

"Nyamu," Ednah aliita, "wewe ni fundi au ni mlinzi?"

"Ni mlinzi wa heshima," mzee alijibu, akiwa bado anatazama ukungu. "Leta uji."

Mkanda wa zamani ulitoka. Karwirwa alipofika kwenye roli inayoukaza, alisimamisha mkono. Roli hiyo hushikwa na boliti mbili. Moja ilikuwa yake ya asili. Ya pili ilikuwa ngeni, ndefu kuliko inavyotakiwa, imejazwa washa tatu, vile viduara vya bati, ili itoshe, na kichwa chake kilikuwa na rangi ya kijani. Aliifungua, akatoka chini ya gari, akampa mzee kwa mikono miwili.

Mzee aliigeuza kwenye mwanga.

"Hii ni ya mashine yangu ya kumenya kahawa," alisema.

"Ipi?" Ednah alikuwa amefika na bakuli la uji. "Ile iliyopotea?"

"Ile."

"Ile uliyosema Misheck ameiiba?"

Misheck alikuwa jirani wa upande wa pili wa kijito. Aliiazima mashine ile miaka minne iliyopita, wiki ileile ya injini, na mashine iliporudi ililala bandani siku moja kabla mzee hajaikagua na kukuta boliti moja imekosekana. Hakumshtaki. Aliacha tu kumsalimu. Kwa miaka minne wanaume hao wawili walikutana kwenye njia ya kanisani na kila mmoja akatazama mti wake.

"Misheck uliyemwombea mbele ya kanisa zima," Ednah alisema, "'Bwana, uwaguse walio na vitu vya watu nyumbani mwao!'" Alianza kucheka. Aliweka bakuli juu ya ukuta kwa sababu uji ulikuwa unamwagika. "Na ilikuwa hapa! Umekuwa ukienda nayo kanisani, Nyamu! Umeendesha boliti yako hadi madhabahuni!"

"Nitamwambia nini yule mtu?"

"Mwambie mwizi alikuwa na haraka. Mwambie hakutaka babake aende sokoni na maziwa mgongoni siku nyingine hata moja."

Mzee alifungua kinywa kumjibu. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kikavu kwanza, kisha cha kweli, na katikati yake kikageuka kitu kingine, hata ikambidi awageuzie mgongo tena, safari hii si kwa ajili ya heshima. Mabega yake yalitikisika. Ednah alikwenda akasimama karibu naye, bila kumgusa. Karwirwa alitafuta kwenye boksi lake boliti ya urefu unaofaa. Alikuwa nayo. Aliifunga, akaikaza kwa kiasi chake mwenyewe.

Alitia mkanda mpya. Alilinganisha alama ya juu, alama ya chini, na alama ya pampu ya dizeli. Aliachia roli ikaukaza, akabonyeza mpira kwa kidole gumba.

"Sasa limepona?" mzee aliuliza.

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Leo asubuhi liliruka jino. Liliwaka, ni kweli. Lakini kama pistoni imeigusa valvu hata mara moja tu, valvu imepinda kidogo, na iliyopinda haizibi. Pumzi hutoka. Hapo mkanda mpya hautasaidia kitu."

"Tutajuaje?"

"Tutaizungusha kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Pistoni ni nne. Kila moja ikipanda itakukataa, kwa sababu hewa imefungiwa ndani. Ikikataa, ni nzima. Isipokataa, imekufa."

Alivisha soketi kwenye boliti ya puli ya chini, akaunganisha mpini mrefu, akautokeza juu nyuma ya redieta. Alishika. Mkono wa mzee ulishuka juu ya mpini kabla hajaanza.

"Nipe mimi," mzee alisema. "Aliyeifunga ni wangu."

Karwirwa alimwachia. "Polepole. Usilazimishe. Ukisikia chuma kimegonga chuma, simama hapohapo."

Mzee alivua kofia. Aliegemea mpini kwa uzito wake wote mdogo, na injini ikaanza kusogea, bila moto, bila kelele, kama mtu anayegeuzwa kitandani na wampendao. Mkanda mpya ulipita mbele yao jino kwa jino. Robo ya mzunguko haikufika, mpini ukasimama.

"Inakataa," alinong'ona.

"Hiyo ni ya kwanza. Ishikilie. Ngoja itoe pumzi."

Kutoka ndani ya chuma ilisikika hewa ikitoka taratibu, pumzi ndefu, nyembamba. Mpini ukalainika ukaendelea. Ukungu uliwazunguka, na Ednah aliyesimama nyuma yao alikuwa ameacha hata kukunja kanga.

"Ya pili," mzee alisema. Akangoja. Pumzi ikatoka.

"Ya tatu."

Alikuwa anatokwa jasho katika baridi ile. Alibadilisha mkono, akaegemea tena. Mpini ulikwenda. Ulikwenda kwa wepesi, ukazidi kwenda, na hapakuwa na kitu kilichoukataa. Mzee alimtazama Karwirwa, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesimama kwenye mlango wa wodi.

"Endelea, baba," Karwirwa alisema.

Akasogeza upana wa kidole. Upana wa kidole kingine. Kisha mpini ukagota, kwa nguvu kuliko zote tatu, ukamrudisha mzee hatua moja nyuma.

"Imekataa!" Ednah alisema.

"Imekataa," mzee alisema. "Imenisukuma!"

Wote watatu waliisikiliza ikitoa pumzi. Ilichukua muda mrefu. Mzee alimalizia mzunguko, na Karwirwa akainama na tochi. Alama zote tatu zilikuwa zimerudi mahali pake, zikitazamana.

"Zote nne ni nzima," alisema. "Leo hatutaliwasha. Kesho nitaleta stata kutoka Embu, maana mkanda huu hauendi kwa mlima."

"Stata," mzee alikubali, kama mtu anayekubali dawa. Hakuuachia mpini. "Alipoifunga, yeye pia aliizungusha hivi? Kwa mkono?"

"Lazima. Hakuna fundi anayewasha bila kuizungusha kwanza."

"Akazisikia zote nne?"

"Akazisikia, baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Mizunguko miwili ilikuwa imetosha, na Karwirwa alikuwa tayari ameshika kifuniko ili akirudishe. Lakini mzee aliegemea tena. Mpini ukasogea, ukasimama, na injini ikatoa pumzi. Karwirwa alikiweka kifuniko chini kwenye nyasi zenye umande, akangoja.